Mwenye Mafuta Mengi

Kosa lilikuwa la muuguzi, ingawa mwenyewe hakulikusudia. Alitoka chumbani kwa daktari, akaangalia benchi lililojaa wagonjwa, jina la aliyemtaka likamtoka kichwani, akaona si neno, atamwita kwa ugonjwa wake.

"Yule mwenye mafuta mengi! Aingie!"

Sasa, mwaka huo Tabora nzima ilikuwa imesahau mafuta ya kupikia yananukiaje. Duka la ushirika la Gongoni lilikuwa na viberiti, majembe yasiyo na mipini, na muuzaji mwenye usingizi. Mboga zilipikwa chukuchuku. Wenye bahati walitwanga karanga, wasio na bahati walisema karanga zinawaletea kiungulia. Redio ilitangaza vita dhidi ya walanguzi asubuhi, mchana na jioni, na kila mtaa ulikuwa ukimtafuta mlanguzi wake ili usionekane umebaki nyuma. Mbele ya watu wa namna hiyo, wenye midomo mikavu na masikio mazima, ndipo alipoitwa mwenye mafuta mengi.

Akasimama Mabruki, fundi cherehani. Mabruki alikuwa mwembamba hata akivaa kanzu mpya rafiki zake humwuliza kwa nini ameitundika barabarani. Mkewe, Mwamvita, alimfuata nyuma ameinamisha kichwa, huku benchi zima likisema "Kumbe!" kwa sauti ya chini. Mwishoni mwa benchi alikaa Bi Sikuzani, balozi wao wa nyumba kumi, ameshika shavu kwa maumivu ya jino. Jino likaacha kumuuma papo hapo.

Ndani, Dakta Justus alifunga mlango, lakini mlango ulikuwa umechelewa.

"Majibu ya damu yako yamerudi kutoka Dar es Salaam," alisema. "Mafuta yaliyomo kwenye damu yamepita kiasi, tena sana. Hivi vinundu vya njano kwenye kope zako ndivyo vilivyonitia shaka tangu mwanzo."

"Mafuta?" Mabruki akacheka. "Daktari, mimi hata andazi nimelisahau sura."

"Haya hayatoki kikaangoni. Ini lako linayatengeneza lenyewe. Ni ya kurithi. Baba yako alikufaje?"

"Alianguka akitawadha."

"Kaka yako?"

"Alikuwa anapandisha marobota ya tumbaku kwenye lori, kule Ipole. Alikuwa bado kijana. Walisema karogwa."

Daktari hakubishana na waliosema. Alieleza kwamba mafuta hayo huganda ndani ya mishipa, kidogokidogo, mpaka siku moja damu inakosa pa kupita na moyo unasimama. Mwamvita alisikiliza neno kwa neno. Kumbe miaka yote aliyolala ubavuni mwa mume huyu, alikuwa amelala karibu na kiwanda pekee nchini ambacho hakijawahi kusimama kwa kukosa vipuri.

Kisha daktari akatoa chupa ya vidonge. Vilikuwa laini, virefu kama kokwa za tende, ukivibinya vinabonyea. Ndani yake kulikuwa na maji mazito yanayong'aa.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, maisha yote," alisema. "Ukijisikia mzima, unameza. Ukijisikia mzima zaidi, unameza. Ukisahau kimoja, usimeze viwili kufidia. Usimpe mtu, hata akikuapia kwamba mnaugua ugonjwa mmoja. Kama kuna mizizi unachemsha nyumbani, niambie. Na misuli ikikuuma bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, njoo siku hiyohiyo, usingoje kesho. Baada ya muda tutakupima damu tena tuone ini linasemaje."

"Na vikiisha?" Mwamvita aliuliza.

Daktari alikuna kidevu. Chupa hiyo ilikuja na kifurushi cha wamisionari, na wamisionari hawakusema kama kitakuja kingine. Hapa nchini havipo. Alisikia kwamba Bujumbura vinauzwa dukani kama peremende. Akamwandikia jina la dawa kwenye kipande cha karatasi, na Mwamvita akalifunga kwenye pindo la khanga.

*

Habari ilifika mtaani kwao Gongoni kabla yao. Ila habari nayo huchoka njiani, na mizigo mingine huitua. Neno "damu" lilidondoka mahali fulani, labda karibu na soko, na lililofika mtaani lilikuwa "mafuta" peke yake.

Mabruki alishonea barazani mwa nyumba yake. Kesho yake asubuhi alikuja mke wa mwalimu mkuu na gauni lisilohitaji hata kifungo. Alilikunjua polepole, na ndani ya mikunjo mlikuwa na kichupa kitupu.

"Fundi, na hiki nakiacha hapa," alisema, akitazama barabarani. "Sina haraka."

Mabruki angeweza kumwambia ukweli. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Lakini alikitazama kichupa, akamtazama mke wa mwalimu mkuu, ambaye kwa miaka yote alimwita "we fundi," akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Tutaangalia."

Hilo ni neno la mameneja. Mabruki hakuwahi kulitumia maishani, na alipolitumia alilipenda. Kabla ya juma kuisha chini ya cherehani kulikuwa na vichupa vya kila umbo. Vijana walivuka barabara makusudi ili wamwambie shikamoo, naye alijifunza kuivuta marahaba yake taratibu, kama mtu aliyeshiba. Msikitini walimsogezea nafasi safu ya mbele. Hata muuzaji wa duka la ushirika aliamka siku moja akamwuliza, "Mzee Mabruki, hali?"

"Baba Abbasi, waambie," Mwamvita alisema. Abbasi ni mtoto wao, alikuwa kwenye jeshi la kujenga taifa. "Waambie ni mafuta ya damu. Ni maradhi."

"Hawajaniuliza maradhi. Wameniuliza hali."

"Na vidonge mbona havipungui?"

Mabruki alianza kusafisha cherehani iliyokuwa safi. Kisha akasema kwamba ameacha kwa sababu miguu inamuuma. Misuli yote, mpaka nyayoni. Si daktari mwenyewe ndiye aliyeonya?

Alitegemea hapo mambo yataisha, kwa kuwa hakumjua vizuri mwanamke aliyemwoa. Mwamvita alimletea viatu, akamletea kofia, na kabla jua halijakolea walikuwa mbele ya Dakta Justus. Daktari akambinya mapaja, akambinya vigimbi, akauliza rangi ya mkojo.

"Mweupe," alisema Mabruki, akiangalia dirisha.

"Uliacha lini kumeza?"

Mabruki akataja siku, kwa sauti ya kumeza maneno.

"Na miguu ilianza lini?"

"Jana."

"Dawa ambayo haijamezwa haiumizi miguu, Mzee Mabruki." Akamgeukia Mwamvita. "Lakini wewe mama umefanya vyema kumleta. Ingekuwa kweli, ningeisimamisha leo hii na kumchunguza. Misuli ikiuma mtu haamui nyumbani, anakuja." Kisha akamrudia mgonjwa, bila utani tena. "Ukiacha hutasikia chochote. Ubaya wa ugonjwa wenyewe ndio huo. Baba yako naye hakusikia chochote."

Walitembea mpaka karibu na nyumbani. Ndipo Mabruki aliposimama.

"Mama Abbasi, mimi ni fundi wa viraka. Tangu watu wasikie nina mafuta, nimekuwa mtu. Nikiyameza yakaisha, nitabaki na nini?"

Mwamvita alitaka kumtukana. Badala yake machozi yakamtoka, hapohapo barabarani, mbele ya wapita njia waliodhani mke wa tajiri naye ana matatizo yake. "Utabaki na mimi," alisema. "Kama nakutosha."

Jioni hiyo Mabruki alikula, akameza kidonge, akaonyesha ulimi kama mtoto. Tangu hapo hakuruka tena hata kimoja, na Mwamvita alianza kupata usingizi. Kwa bahati mbaya, Bi Sikuzani naye alikuwa macho.

Bi Sikuzani hakuwa mbaya. Alikuwa ameacha kichupa chake mapema kuliko wote, chenye kifuniko chekundu, na hakurudishiwa hata tone. Alipoona hagawiwi, uzalendo ulimpanda. Alikwenda tawini, ofisi ya Chama, akaripoti.

*

Walikuja asubuhi, chai bado iko jikoni. Mbele alikuwa Ndugu Nassibu, Katibu wa Tawi, ndani ya suti ya Kichina ambayo Mabruki mwenyewe aliwahi kuitanua kiuno mara mbili. Nyuma yake alikuwa Ng'washi, mgambo, na rungu lake. Nyuma kabisa alikuwa Bi Sikuzani, amejifunika khanga mpaka puani ili asijulikane, ingawa kila mtu aliijua ile khanga.

"Mwangaluka," Ng'washi alisalimia, kwa sababu mama yake alimlea vizuri. Kisha akapindua kitanda.

Walipekua mtungi wa maji, pipa la unga wa njano, na godoro. Walitafuta darini wakapata popo. Vichupa vya chini ya cherehani walivipanga barazani mstari mmoja, vyote vitupu, na Ndugu Nassibu akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayeona mtambo mkubwa wa usambazaji.

Ndipo Ng'washi alipofungua droo ya cherehani, akatoa chupa ya daktari. Akachukua kidonge, akakiangalia juani, akakibinya kwa kucha. Kikapasuka. Kidole chote kikang'aa.

"Ndugu Katibu! Mafuta!"

Ndugu Nassibu alikipokea kidole cha Ng'washi, akakinusa, akakisugua.

"Mawese ni mekundu," alisema taratibu. "Haya ni meupe. Haya ni ya nje." Akamgeukia Mabruki kwa heshima kidogo, maana hakuwahi kukutana na ujanja wa namna hiyo. "Ndugu, yaani mmefikia kuyafunga mojamoja?"

"Ni dawa, Ndugu Katibu!" Mwamvita alipaza sauti. "Muulizeni Dakta Justus!"

Dakta Justus alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwenye semina ya kinga ni bora kuliko tiba. Mabruki akachukuliwa, na chupa ikachukuliwa. Mwamvita aliwafuata akikimbia, kiatu kimoja mguuni.

*

Ofisi ya tawi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma lililofungwa kufuli, na madirisha mawili yaliyojaa nyuso. Mtaa mzima ulikuwa umekuja, wakiwemo wenye vichupa, ambao sasa walikuwa na hasira kuliko wote.

"Ndugu Mabruki," alianza Katibu, "swali ni moja. Una mafuta au huna? Ukisema unayo, gari la polisi litakuja mchana. Ukisema huna, utueleze haya ni nini."

Hapo mtu mwingine yeyote angejibu haraka. Mabruki aliangalia dirishani. Aliwaona vijana wa shikamoo, akamwona mke wa mwalimu mkuu, amesimama kwenye vumbi kwa ajili yake. Akaiweka sawa kofia yake. Mwamvita alimjua. Mwanamume huyu alikuwa tayari kwenda rumande akiwa tajiri kuliko kurudi nyumbani akiwa fundi.

"Hana!" alisema Mwamvita. "Hana mafuta, hana sukari, hana hata sabuni ya kufulia hiyo kanzu! Ni mgonjwa. Baba yake alikufa kwa hayo, kaka yake alikufa kwa hayo, na yeye atakufa kwa hayo mkimnyang'anya dawa. Sema, Baba Abbasi!"

Nyuso zote zilimgeukia. Mabruki akavua kofia.

"Sina," alisema. "Sikuwahi kuwa nayo."

Mguno ulipita dirishani, wa watu waliodhulumiwa. Ndugu Nassibu hakuridhika. Alisema kila mlanguzi aliyekamatwa nchi hii alisema hana. Ushahidi ni kitu cha kuonekana, na yeye kidole cha mgambo alikiona.

Kwa kuchanganyikiwa kwake Mwamvita akasema neno ambalo angelijutia maisha yake yote. "Basi leteni yai! Chukueni kimoja mkaangie. Likikaangika, nifungeni na mimi."

Wazo lilimpendeza Ndugu Nassibu mno. Lilikuwa la kisayansi. Jiko likaletwa, kikaango kikaletwa, na Bi Sikuzani akajitolea yai la kuku wake kwa ajili ya taifa. Kidonge kimoja kikapasuliwa. Tone likaenea kikaangoni, likatoa moshi mdogo, likapotea.

"Halitoshi," alisema Katibu. "Nani anakaanga yai kwa tone moja? Pasua chupa yote."

"Hapana!" Mwamvita aliruka. "Nilisema kimoja! Ndugu Katibu, havipatikani! Daktari kasema asiruke hata siku!"

"Uchunguzi wa Chama haufanywi nusunusu, mama."

Ng'washi alijaribu, lakini vidole vyake vilikuwa vinene na vidonge vilimteleza vikakimbilia chini ya meza. Ndugu Nassibu akakumbuka kwamba mtuhumiwa ni fundi, na kwamba fundi hakosi sindano. Kweli, Mabruki alikuwa na sindano kolani, kama siku zote. Akaambiwa achangie uchunguzi.

Alikaa kwenye kiti, kikaango mapajani. Alichukua kidonge kimoja, akakitoboa kwa sindano, akakikamua, akaweka ganda pembeni. Akachukua kingine. Mikono yake ilikwenda sawasawa, kwa kuwa ilikuwa mikono ya kazi, lakini alipofika katikati ya chupa Mwamvita alimwona akikigeuza kidonge kimoja kati ya vidole, kama anayetaka kukitia mdomoni. Katibu akakohoa. Mabruki akakitoboa na hicho. Madirishani hakuna aliyeguna tena.

Kikaango kikarudishwa jikoni. Harufu iliyotoka ilikuwa ya hospitali, kali ya kuchoma macho, na watu wa dirisha la mbele wakakanyaga watu wa nyuma. Yai lilivunjwa. Liliganda palepale kama simenti, nusu likaungua na nusu likabaki bichi. Ng'washi, kwa kuwa amri ni amri, akaonja. Alitoka mbio nje, na wote wakamsikia.

Ndugu Nassibu alisimama, akavuta suti yake.

"Uchunguzi umekamilika. Si mafuta. Ndugu Mabruki ni mwananchi mwaminifu, na tawi linampa pole kwa usumbufu."

"Na dawa?" Mwamvita aliuliza.

"Dawa imetumika katika uchunguzi, mama. Ndiyo iliyomwokoa mumeo."

Mwamvita alikuwa anatazama maganda yale matupu juu ya meza, na jinsi alivyotazama ilimfanya Katibu ajisikie vibaya. Hakuwa mtu katili, alikuwa mtu wa kazi. Alitoa funguo mfukoni, akafungua kabati la chuma, akaingiza mkono nyuma ya bendera iliyokunjwa. Ukatoka na chupa ya lita nzima, ya rangi ya dhahabu, imejaa mpaka shingoni. Nyuma yake zilionekana nyingine, zimesimama kwa nidhamu.

"Ni akiba ya dharura," alisema, kwa kuwa madirisha yote yalikuwa yamenyamaza. "Mchukue hii, kama pole. Mkapike."

*

Mabruki alitembea kurudi nyumbani peke yake, kofia mkononi. Hakuna aliyemwamkia. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa ametangulia, akachukua gauni lake na kichupa chake, akasema, "We fundi, umetupotezea muda."

Mwamvita hakupitia nyumbani. Alishika njia ya stesheni, lita ile imefichwa chini ya khanga, akamtafuta Damas, mhudumu wa mabehewa aendaye Kigoma, ambaye mtaani ilisemwa ana ndugu wanaovuka ziwa. Damas alikuwa akifagia kwenye behewa tupu. Mwamvita alifungua pindo la khanga, akampa kile kipande cha karatasi. Kisha akamwonyesha chupa.

Damas alichungulia nje pande zote mbili, akashusha pazia la dirisha.

"Dada Mwamvita! Hii ni magendo."

"Ndiyo. Uza huko mbele kwa bei unayoijua, uwape wanaokwenda Bujumbura wanunue hiyo dawa. Jina hilohilo, si lingine. Wakikuambia inafanana, usichukue, maana ni ya kumeza maisha yote."

"Mumeo kaachiwa leo hii kwa kosa hilihili."

"Aliachiwa kwa sababu hakuwa nayo."

Damas aliipima chupa mkononi, akaikunja ndani ya shuka za shirika la reli. Alikuwa mtu wa huruma, lakini pia mtu wa hesabu. "Haya. Hii itanunua dawa ya muda kidogo. Nawe umesema ni ya kumeza maisha yote. Vikiisha, utapata wapi mafuta mengine?"

Mwamvita alijifunga khanga upya, akaikaza.

"Nitakwenda tawini," alisema, "nimshitaki tena mume wangu."

Damas alicheka mpaka akashika mlango. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha, akamwambia treni inaondoka saa mbili.